Rangi ya Galaksi Iliyokufa Mapema

Wiebe Terpstra alikuwa mtu wa kukinai upesi. Harufu ya kahawa iliyokaa kwenye jagi tangu asubuhi ilimtoa ofisini. Mtu akilamba kidole kabla ya kufunua karatasi, Wiebe aligeuza uso. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika taasisi yetu ya nyota hapa mjini Leeuwarden, mimi nikiwa fundi wa kompyuta na yeye mchoraji, meza zetu zikitenganishwa na kabati moja. Sura yake ya kuchukizwa naijua kama ninavyoijua ya mume wangu. Pua inapanda, midomo inabanwa, halafu anajifuta viganja kwenye suruali hata kama hakushika kitu.

Wengi hawajui kwamba kazi kama yake ipo. Ukiona gazetini picha ya galaksi ya mbali kupita kiasi, yenye mikono ya moto na mawingu ya dhahabu, mara nyingi hakuna darubini iliyoiona hivyo. Kuna mtu amekaa mahali akaichora. Kwetu mtu huyo alikuwa Wiebe. Alianza kwa kuchora samaki na majani ya mitaroni kwa ajili ya vitabu vya shule, kazi ambayo ukikosea pezi moja kuna mwalimu atakuandikia kulalamika. Kwetu hakuna aliyelalamika hata siku moja. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha. Baadaye likaanza kumkereketa.

"Nimepaka galaksi kijani mara mbili," aliniambia. "Mara zote mbili wamenisifu. Samaki wa kijani wangenirudishia."

Halafu akaja Hilkka Ranta. Alikuwa Mfini, mtafiti wa mkataba wa miaka michache, mwanamke mkimya aliyekula mkate mweusi mgumu kama kigae na hakujali ukimya ukitanda mezani. Alichunguza galaksi kubwa za zamani za kale, namna gesi yake ilivyorutubishwa kidogo kidogo na vitu vilivyopikwa ndani ya nyota. Alikuwa amepata mwanga wa galaksi moja ambao ulianza safari wakati ulimwengu ungali mchanga. Kwenye skrini yake galaksi hiyo ilikuwa vidoa vichache vya kijivu, kama vumbi ulilosahau kufuta. Alichokipenda yeye ni ule mwanga uliotandazwa ukawa mstari mrefu wa mawimbi, wenye mabonde hapa na pale, kila bonde likiwa mahali ambapo kitu fulani kimeumeza mwanga. Bonde hili magnesiamu, bonde lile chuma.

Matokeo yalipokuwa karibu kutangazwa, Wiebe aliombwa achore. Akamfuata Hilkka jikoni kwetu wakati wa chakula cha mchana, akaketi na mkate wake wa jibini na gilasi ya mtindi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye njaa," akasema. "Haraka, bila mapambo."

Hilkka akatafuna hadi akamaliza tonge lake. "Mwanzoni kulikuwa na haidrojeni na heli tu, na vingine vichache visivyostahili kuhesabiwa. Hakuna kaboni, hakuna chuma. Hakuna hicho kisu ulichoshika."

"Sawa."

"Nyota ndizo zilizopika vilivyobaki. Nyota kubwa huishi muda mfupi, halafu hulipuka na kutapika oksijeni na magnesiamu."

Wiebe akaweka mkate chini.

"Samahani," akasema Hilkka. "Kumwaga."

"Hapana, acha. Kutapika ni neno zuri. Endelea tu."

"Basi gesi iliyobaki inarutubishwa na hayo matapishi, na nyota za kizazi kinachofuata zinazaliwa humo humo. Chuma kingi kinachelewa. Kinatoka kwenye mizoga ya nyota ndogo, na hiyo hukaa muda mrefu sana kabla ya kulipuka. Kwa hiyo ukipima magnesiamu ukalinganisha na chuma, unajua galaksi ilichukua muda gani kuzaa nyota zake. Yangu ina magnesiamu tele na chuma kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ilizaa nyota zake zote kwa pupa, ikaacha kabla chuma hakijafika. Galaksi kubwa kuliko hii yetu, na tayari imekufa wakati zingine ndiyo kwanza zinajifunza kutambaa."

"Imekufa namna gani?"

"Haizai tena. Nyota za buluu hufa kwanza, zimebaki nyekundu. Hakuna mawingu wala mikono wala moto. Ni kama donge."

"Donge la rangi gani?"

Hilkka akafikiri. "Kutu, labda. Wiebe, hakuna anayejua. Mwanga wenyewe umetufikia umenyooshwa mpaka jicho lako lisingeuona."

Mimi nilikuwa naosha kikombe changu, na nilimwona Wiebe akimtazama yule mwanamke kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hakuwa amechukizwa hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyepewa tena samaki wa kuchora.

Aliifanyia kazi picha ile kuliko yoyote niliyomwona akiifanya. Alimwuliza Hilkka umbo lake, kingo zake, kama katikati pangekuwa na mng'aro zaidi. Akafuta, akarudia. Mwisho wake ilikuwa galaksi ya mviringo kama yai, rangi ya kahawia yenye wekundu, iliyofifia taratibu kuelekea kwenye giza. Basi. Hilkka akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Inachosha kutazama," akasema.

"Vibaya?"

"Hapana. Ni sawasawa kabisa."

Reinout Bakhuis, mkuu wetu wa mawasiliano, ndiye aliyeamua nini kiende magazetini. Alikuwa mwanamume nadhifu, mchangamfu, anayekushika bega anapoongea, na alikuwa na mazoea ya kutafuna ubani kutwa nzima. Alipoitwa kuiona picha akainama, akatoa ubani mdomoni, akaubandika kwenye kipande cha karatasi pembeni ya meza ya Wiebe. Wiebe akautazama ule ubani. Nadhani nusu ya maneno ya Reinout hakuyasikia.

"Hiki ni nini, kiazi?"

"Ni galaksi ya Hilkka."

"Wiebe, mzee wangu. Watu wanakunywa chai asubuhi, wanafungua simu, wanakuta kiazi. Utamfanya nani asimame hapo?"

"Imekufa. Ndiyo habari yenyewe."

"Habari yenyewe ni kwamba galaksi imepika madini ya uhai. Magnesiamu, bwana. Iko kwenye mifupa yako. Nataka milipuko. Nataka mikono. Nataka zambarau."

"Haina mikono."

"Ilikuwa nayo zamani?"

Wiebe akasita. "Labda. Hakuna anayejua."

"Umeona? Labda." Reinout akamshika bega. "Tuchore hiyo labda."

Angeweza kukataa. Hilkka alikuwa safarini, mkurugenzi hakupenda kuletewa ugomvi wa rangi, na Wiebe alikuwa amekwisha paka nyingi za namna hiyo. Akaipaka zambarau. Akaweka mikono miwili iliyojipinda, mawingu ya waridi, na vimulimuli vya nyota zinazolipuka vilivyotawanyika kama sukari ya rangi juu ya keki. Alipomaliza alikwenda kunawa. Akarudi akasema, "Nahisi kama nimelamba sabuni ya chooni." Siku hiyo hakula.

Picha ikaenea. Ilitoka kwenye magazeti ya hapa, kisha ya Ujerumani na Hispania, na mtu akaiweka kwenye mashuka. Kichwa cha habari cha Reinout kilisema kwamba galaksi ya kale imekutwa ikipika madini ya uhai. Hilkka aliporudi aliitazama kwenye skrini ya Wiebe, akaenda ofisini kwake akafunga mlango. Wiebe akajifuta viganja kwenye suruali.

Jambo lenyewe lingeishia hapo, kama mengine yalivyoishia, isingekuwa siku ya kuzaliwa ya Hiske.

Hiske ni dada wa Jeltje, mke wa Wiebe. Ana saluni ya nywele karibu na soko, anasimama kutwa, na kwa miaka alikuwa akilalamika kwamba misuli ya miguu inamkaza. Ni mwanamke wa sauti kubwa na moyo mweupe. Mimi naye tunaimba kwaya moja, ndiyo maana nilikuwapo. Tulikuwa tumekaa kwenye duara la viti sebuleni, kila mtu na kipande chake cha keki juu ya magoti, tukiwa tumeshapeana mikono na kupongezana wote, kama ilivyo desturi ya hapa, pamoja na wale tusiojuana. Hiske akafungua mkoba wake akatoa chupa ya plastiki.

"Shemeji," akamwita Wiebe, "fungua mdomo."

"Sitaki."

"Si sumu. Hii ni yako mwenyewe. Hebu tazama."

Wiebe akaipokea chupa. Galaksi ya zambarau ilikuwa imeizunguka kotekote, mikono yake miwili ikikutana nyuma kwenye maelezo ya matumizi. Juu yake paliandikwa kwamba humo mna magnesiamu safi, ileile iliyopikwa na galaksi za kwanza. Na chini kwa herufi ndogo: "Galaksi hii ina magnesiamu tele. – Dk. Hilkka Ranta, mtaalamu wa nyota."

"Umeitoa wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Duka la dawa, pale mkabala na kanisa. Nikamwambia yule binti, picha hii kachora shemeji yangu. Akaniongezea mafuta ya mikono bure." Akazungushia macho wageni. "Nyie mnamwona kimya hivi. Mtu mkubwa huyu."

"Hiske, hii haijatoka kwenye galaksi yoyote. Imetolewa kwenye maji ya bahari, au imechimbwa mahali. Ni kama ile iliyomo kwenye mchicha."

"Na ya baharini ilitoka wapi?"

Nilimwona Wiebe akitafuta njia ya kupita pembeni, akaikosa. "Kwenye nyota," akasema.

"Sasa ugomvi uko wapi?"

"Si nyota zile. Ile galaksi iko mbali kiasi kwamba hakuna hata chembe yake itakayofika hapa."

"Nyota ni nyota, shemeji. Wewe kula, tule na sisi. Miguu yangu wiki hizi mbili haijanikaza."

Wageni wakacheka. Hiske akamminyia kidonge kiganjani, na kwa kuwa ilikuwa siku yake na uso wake ulijaa furaha ile, Wiebe hakukirudisha. Alikishika tu. Kilikuwa na ganda la rangi, na kwa joto la mkono lile ganda likaanza kuyeyuka. Mzee mmoja aliyekaa kando yake, aliyegawiwa pia, akakiweka chake ulimini, akamwambia, "Kina ladha ya peremende ya dawa ya mafua." Wiebe akafungua mkono. Kiganja kilikuwa zambarau, kinanata. Akaenda maliwatoni, na maji yakachuruzika humo muda mrefu hadi Jeltje akaenda kubisha hodi. Alipotoka mikono ilikuwa myekundu kwa kusugua, na kwenye mistari ya kiganja rangi bado ilionekana.

"Hautoki huu uchafu," akaniambia kwa chini.

Jumatatu alimngojea Reinout mlangoni. Mimi nilisikia yote, kwa sababu Reinout hakuwahi kufunga mlango. Alikuwa na imani kwamba hana cha kuficha, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanitisha mimi juu yake.

"Umewauzia picha wauza vidonge."

"Sikuuza. Ni ushirikiano. Wao wanatuchangia gharama za siku ya wazi, sisi tunawapa picha. Picha ni ya taasisi, Wiebe, mkataba wako unasema."

"Wameandika uongo."

"Kuna uongo gani? Magnesiamu ipo kwenye galaksi, magnesiamu ipo kwenye chupa. Hawakusema zimetoka sehemu moja. Wamesema ni ileile. Na ni ileile, uliza mwanakemia yeyote."

"Na jina la Hilkka?"

"Sentensi ni yake, neno kwa neno. Nimeitoa kwenye tangazo letu." Reinout alitabasamu, na naapa hakukuwa na ubaya kwenye tabasamu lile. "Unajua ni watu wangapi wangekufa bila kusikia kwamba galaksi zina kemia? Sasa wanasoma wakipiga mswaki. Wewe ni nani wa kuwakatalia?"

Hilkka akaitwa. Akaigeuza chupa mkononi taratibu, akaisoma pande zote, akarudi kwenye jina lake akakaa hapo. Midomo ikageuka myeupe.

"Sentensi ni yangu," akasema, akairudisha mezani.

Wiebe alimfuata kwenye korido. Walisimama karibu na kabati letu.

"Utaacha hivyohivyo?"

"Mkataba wangu unaisha kiangazi. Reinout yuko kwenye kamati ya kuongeza mikataba."

"Kwa hiyo utanyamaza."

"Nitanyamaza." Hilkka hakuinua sauti. "Wewe si ulinyamaza ulipoipaka? Nilikwambia haina mawingu. Nilikwambia haina mikono. Nilipoondoka ilikuwa kahawia, niliporudi ilikuwa keki ya harusi. Mimi sikukuuliza kitu. Basi na wewe usiniulize."

Akaondoka. Wiebe akakaa kitini pake, na ile sura yake ya kuchukizwa ikaja, ila safari hii ilibaki. Ilibaki kwa siku. Alikunja pua akimtazama Reinout akipita, akakunja pua akimtazama Hilkka. Alipofungua picha zake za zamani kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, za kijani, za dhahabu, za waridi, alikuwa na sura ya mtu anayefungua vyombo vya chakula vilivyosahauliwa kwenye friji. Nilimwambia aende nyumbani apumzike. Akaniambia nyumbani kuna chupa; Jeltje naye alikuwa ameletewa na dada yake.

Siku ya wazi, siku ya kuwafungulia wageni taasisi, ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Mji mzima huja, kwa sababu kuna keki za bure na watu wanaruhusiwa kugusa vioo vya darubini. Mlangoni palikuwa na meza ya wauza vidonge, na msichana mchangamfu akimgawia kila aingiaye kipakiti. Wiebe alikuwa amepangiwa kueleza namna anavyochora. Ukumbi ulijaa. Reinout alisimama nyuma, Hilkka aliketi pembeni karibu na mlango, na Hiske alikuwa mstari wa pili amevaa nguo ya zambarau kwa makusudi.

Wiebe hakuwa msemaji. Alionyesha kwanza vidoa vya kijivu. "Hii ndiyo galaksi," akasema. "Hiki ndicho tulichokiona." Watu wakangoja. Akaonyesha mstari wa mawimbi, akaeleza yale mabonde, magnesiamu na chuma, nyota kubwa zinazotapika mapema na mizoga inayochelewa kulipuka. Alieleza vizuri, kwa maneno ya Hilkka, na akasema kwamba ni ya Hilkka. Kisha akaonyesha ile picha ya zambarau. Ukumbi ukaguna kwa raha, kama watu waliokuta sura wanayoijua.

"Hii nimeitunga," akasema. "Haina mikono. Haina mawingu. Hakuna kinacholipuka humo. Niliambiwa niipendezeshe, nikaipendezesha, na sasa mmepewa vidonge vyake hapo mlangoni. Nawaomba radhi. Inanitia kichefuchefu."

Akaonyesha ile ya kahawia. "Ilitakiwa iwe hii."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kiazi," na wachache wakacheka. Wiebe alistahimili. Nadhani hapo alikuwa na raha kidogo, raha ya mtu aliyekwisha tema.

Hiske akasimama. Uso ulikuwa mwekundu. "Shemeji, nina swali."

"Uliza."

"Hicho kiazi umekiona wapi?"

"Vipi?"

"Nauliza umekiona wapi. Umetuonyesha vidoa vya kijivu, ukasema ndivyo mlivyoviona. Sawa. Hiyo ya zambarau umesema umeitunga. Sawa. Hicho cha kahawia je? Kuna aliyekiona?"

Wiebe akamtazama Hilkka. Hilkka hakuinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Hapana," akasema Wiebe. "Hakuna aliyekiona. Umbo ni makisio. Rangi pia. Hata ingekuwa karibu, labda usingeiona hivyo."

"Kwa hiyo na hicho umetunga."

"Kwa sababu nzuri zaidi."

"Lakini umetunga."

"Ndiyo," akasema. "Nimetunga vilevile."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu waliofurahia mtu na shemeji yake. Hiske peke yake hakucheka. Aliinua mkoba wake, akapita mbele ya magoti ya watu mstari mzima. Nilimsikia akimwambia Jeltje kwenye ngazi, "Nimemsifia mji mzima. Mji mzima, dada. Na yeye ananisimamisha pale kama mjinga niliyekula rangi."

Wiebe alikuwa anakusanya waya zake alipofika Reinout. Nilidhani atamfokea, nikakaribia ili niwepo. Reinout alikuwa anang'aa.

"Umewaona? Hakuna aliyeangalia simu. Hakuna hata mmoja. Wiebe, hii ndiyo tunayoihitaji. Mchoraji anayetubu. Tufanye kila mwezi, galaksi moja ya uongo, galaksi moja ya kweli, na yule mama akubali kuja awe anauliza. Nitazungumza na wale wa vidonge, wana ucheshi, watalipenda."

Wiebe alimtazama, na nikaona pua haipandi wala midomo haibanwi. Alikuwa kama mtu aliyekwisha tapika vyote na hana tena cha kutoa. Akaweka waya kwenye sanduku, akaniachia mimi ufunguo wa kabati, akaenda zake. Jumatatu barua yake ya kuacha kazi ilikuwa kwa mkurugenzi, mistari miwili tu.

Chupa zinaendelea kuuzwa. Picha ni ya taasisi. Mwaka uliofuata wauza vidonge wakaibadilisha wakaweka nyingine iliyotengenezwa na mashine bila mtu, galaksi yenye mikono sita na kitu katikati kinachofanana na jicho la ng'ombe, na taasisi yetu ikaikubali hiyo nayo. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye kompyuta za watu ninazozitengeneza, nilielewa kidogo alichokuwa anakihisi Wiebe. Nilitaka kunawa.

Hilkka alipata kazi kwingine, Denmark, na si kwa msaada wa kamati yetu. Darubini kubwa zaidi iliitazama galaksi yake kwa muda mrefu, na magnesiamu na chuma vilibaki vilevile alivyovipima, hapo hakukosea. Kabla hajaondoka alikuja kwenye kabati letu, akakuta kiti cha Wiebe kitupu, akaniuliza kama Wiebe anamchukia. Nikamwambia Wiebe anamchukia kila mtu kwa miezi mitatu, halafu inapita. Akatingisha kichwa. "Nilipaswa kuinua macho," akasema. Hakusema lini, na sikumwuliza.

Na Hiske alikasirika hadi Krismasi. Alimpelekea Wiebe nyumbani kwake mkate wa sukari, akauweka mezani bila kukaa. "Naendelea kumeza," akasema. "Miguu hainikazi, kwa hiyo usinianze." Wiebe akasema hatamwanza. Wakala mkate.

Sasa anachorea bodi ya maji. Kuna panya-maji wanaochimba mashimo kwenye kingo za mifereji, na wakiachwa kingo hubomoka na maji huingia mashambani. Bodi ina watu wa kuwatega, na Wiebe huenda nao kuchora yale mashimo yalivyo ndani, mapito na vyumba vya kulala, ili watu wapya wajue pa kuangalia. Nilimtembelea mwezi wa tatu. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, tochi mdomoni, mkono mmoja ndani ya shimo hadi begani. Harufu ilikuwa ya kitu kilichooza na maji yaliyotuama, na mashamba jirani yalikuwa yamemwagiwa samadi asubuhi ile. Mimi niliziba pua.

"Unavumiliaje?"

Akauchomoa mkono, akatoa tochi mdomoni, akaifuta kwenye koti, akafikiri kana kwamba hakuwa amejiuliza.

"Linapinda kushoto," akasema. "Nilidhani linapinda kulia. Nimelichora vibaya tangu jana." Akaurudisha mkono ndani, akaanza kupapasa upya.